Breki za Polikarp

Malangali, Sumbawanga
12 Aprili 1992

Kwako shemeji Flavian,

Nakusalimu kwa salamu za Jumapili ya Matawi. Sisi hapa hatujambo kwa jumla. Mvua zinaelekea mwisho, mahindi yamebeba vizuri, na Salome ameng'oka jino la mbele, sasa anapiga mluzi hata asipotaka. Ile kofia ya sufu ya kaka yako nimeifua juzi. Nimejuta, maana sasa inanuka sabuni.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni gari. Breki zimekwisha. Kaka yako alisema zitafika Krismasi, na kweli zilifika, ila mwenyewe ndiye hakufika. Tangu hapo nimekuwa nikiendesha kwa kuchagua njia. Nikienda sokoni napita ile inayopanda mwisho wa safari, gari linachoka lenyewe. Kurudi nyumbani ndiko kwenye kazi, kwa sababu nyumba yetu iko chini ya barabara. Bahati nzuri jirani yangu mzee Wilibrodi amelima ntumba zake karibu na uzio wetu, yale matuta ya mviringo ya majani na udongo tunayopandia maharage huku. Nazima injini, naelekeza bampa la mbele kwenye ntumba ya kwanza, na gari linalala pale kama ng'ombe. Wiki ya kwanza mzee alilalamika. Wiki ya pili akanijengea ntumba moja ya kwangu, kubwa kuliko nyingine, mbele ya lango. Anasema maharage ya humo yanaota vizuri kwa sababu udongo umeshindiliwa.

Ningeweza kuendelea hivyo, lakini kuna Mama. Unajua mguu ulimzuia kupanda huku kumzika mwanawe, na mpaka leo hajaliona kaburi. Padri ametupangia misa ya mwaka tarehe 19 Septemba. Mama ametuma neno kutoka Kirando kwamba atakuja, lakini hapandi lori la dagaa wala basi. Atapanda gari la Polikarp au atabaki. Na anasema hana mwaka mwingine wa kusubiri.

Basi unaujua ule mteremko wa kushuka Kirando, ziwani. Kule hakuna ntumba.

Nimeamua kubadilisha breki mwenyewe. Kaka yako alikuwa akizibadilisha hapa uani tangu enzi za vibali, na kila mara mimi ndiye niliyekuwa nampa spana. Ninachoomba ni unitafutie lainingi huko Mbeya, zile ngozi ngumu zinazobana ndani ya gurudumu. Wewe uko kwenye magari kila siku, mimi niko kwenye ulezi.

Salome anakusalimu kwa mluzi.

Wako shemejiyo,
Coleta


Mbeya
9 Mei 1992

Shemeji Coleta,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeanza kuuma. Nimehamia chumba kingine, karibu na kazini, na mwenye nyumba ni mtu mwema ila ana jogoo asiyejua saa. Jino la Salome mmelitupa juu ya paa? Kaka alilitupa la kwangu, likarudi likaniangukia kichwani.

Kuhusu breki, nakuomba sana usiguse. Shemeji, zile zilikuwa zama za kujitengenezea kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Sasa biashara ni huria na vitu vipo. Kampuni yetu hapa ni wakala kamili wa magari. Ukumbi wa mbele una vioo hadi sakafuni, ndani kuna maua na gari moja jipya ambalo haliuzwi, ni la kutazamwa. Mafundi wanavaa makoti meupe. Siku ya kwanza nilipoanza kazi kaunta nilidhani nimeingia hospitali, nikaongea kwa sauti ya chini.

Nimekuulizia taratibu. Kwanza, lainingi haziuzwi peke yake, zinauzwa zikiwa zimefungwa na fundi wa kampuni. Kwa hiyo gari liletwe. Pili, uwanja wetu uko kwenye mteremko, na kwa usalama gari lisilo na breki haliruhusiwi kupita getini. Nilimuuliza meneja, sasa lenye breki mbovu litatengenezwaje? Akasema swali zuri, na kwamba watu wengi wameliuliza. Tatu, mwenye gari lazima asaini mwenyewe. Nikamwambia mwenye gari ni kaka yangu na amefariki. Meneja alisimama, akanipa pole kwa mikono miwili, kisha akasema basi, asaini atakapopata nafasi.

Najua inaonekana ni mzunguko, lakini ni gharama ya kuwa salama. Breki za kufunga mwenyewe uani hushika kwenye tambarare na kukusaliti mteremkoni. Haya si maneno yangu, yako ukutani kwenye ukumbi wetu, yamechorwa kwa rangi nyekundu.

Kuhusu Septemba nitaomba ruhusa. Kazi ni nyingi.

Wako,
Flavian


Malangali
2 Juni 1992

Shemeji Flavian,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu, na pole kwa baridi na jogoo. Huku tumevuna maharage. Mzee Wilibrodi amevuna na yale ya kwenye ntumba ya gari, akaniletea sahani nzima. Yalikuwa na ladha ya dizeli kwa mbali, lakini tulikula.

Barua yako ya kusema nisiguse imenikuta nimeshagusa. Ilizunguka posta kwanza, wakasoma jina la mtumaji badala ya la mpokeaji, ikaenda kwa Flavian mwingine anayefuga nguruwe huko Katandala, akaisoma yote. Yeye pia anashauri nisiguse.

Gurudumu la mbele kushoto nililiinua kwa jeki, nikaweka mawe nyuma ya yale mengine kama alivyofanya kaka yako. Ule mfuniko wa chuma, drumu, ulikataa kutoka. Nikakumbuka. Yeye alikuwa akiugonga kwa ubao kidogo kidogo akiuzunguka, na alikuwa akisema, "Hodi, hodi, mzee, tumekuja kwa heri." Nilifanya hivyo hivyo, na maneno niliyasema pia kwa sababu sikujua kama kazi iko kwenye ubao au kwenye hodi. Ukatoka.

Nikauweka kando, chali, nikaingia ndani kunywa maji. Niliporudi kuku mwekundu alikuwa ameketi humo. Kesho yake kulikuwa na yai. Salome amekataa kuku aondolewe, analia. Kwa hiyo kazi imesimama mpaka vifaranga watoke, na Land Rover iko juu ya jeki kama mtu aliyeinua mguu akasahau alikotaka kwenda.

Sasa nikuambie nilichokiona ndani. Lainingi zimelika mpaka kwenye vichwa vya misumari yake, na misumari imechora chuma. Ndiyo iliyokuwa ikilia. Unakumbuka ule mlio? Akifika kwenye kona ya misheni gari lilikuwa linatoa sauti kama mbuzi aliyekanyagwa, na mimi jikoni natia unga kwenye maji. Alipokuwa akimaliza kunawa mikono, ugali uko tayari. Watu walisema mke wa Polikarp ana ndoto. Sikuwa na ndoto, nilikuwa na breki mbovu.

Mwambie meneja kwamba Polikarp bado hajapata nafasi.

Simu ya maandishi ya msiba tuliyokupelekea mwaka jana, posta waliniambia ilifika. Labda ilichelewa. Sikuulizi. Nasema tu kwamba kile kiti ulichokalia siku ya ubatizo wa Salome bado kipo, na hakuna anayekikalia.

Tafadhali nitafutie hizo lainingi.

Coleta


Mbeya
11 Julai 1992

Shemeji Coleta,

Shikamoo. Afya ni nzuri. Jogoo ameliwa, si na mimi.

Nimekutumia mfuko wa mchele wa Kyela kwa mkono wa dereva Meshack, yule mwenye lori la chumvi. Uchambue wewe mwenyewe, usimwachie mtu. Mchele huo una mawe. Mengine ni makubwa, yamepinda kama mwezi mchanga, na yanakwenda mawili mawili. Usiyapike. Kuna na kopo dogo ambalo si la mafuta ya kula.

Kampuni haijui chochote kuhusu mchele huu.

Nikueleze ulivyopatikana. Mkabala na ofisi yetu, ng'ambo ya barabara, kuna vibanda vya vipuri. Ni vya mbao, muuzaji anakaa juu ya gia, na sisi watu wa kampuni tumekatazwa hata kutazama upande ule. Nilivaa kofia, nikaishusha mpaka kwenye nyusi, nikavuka. Nilipofika kibandani nikamkuta mtu mwingine mwenye kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi, ananunua lainingi za kujaza katoni. Alikuwa meneja. Hatukusalimiana. Kesho yake kazini tulisalimiana mara mbili.

Jumatatu zile lainingi niliziona rafuni kwetu, kila moja kwenye boksi jeupe.

Basi sina la kusema tena kuhusu maneno yaliyoko ukutani, ingawa bado yananitisha, na nitakuandikia ninavyojua kwa kutazama mafundi kupitia dirisha la kaunta. Mikono yenye grisi isiguse uso wa lainingi. Springi zirudi jinsi zilivyokuwa, kwa hiyo fungua upande mmoja tu wa gari, ule mwingine uuache uwe wa kutazamia. Drumu ikiwa nje mtu yeyote asikanyage pedeli ya breki, hata kwa utani, maana vitu vitachomoka na mafuta yatamwagika. Ukimaliza, toa upepo kwenye mabomba: mmoja anakanyaga pole pole, mwingine analegeza nati mpaka mapovu yaishe.

Ruhusa ya Septemba bado inafikiriwa.

Flavian


Malangali
3 Agosti 1992

Shemeji mpendwa,

Marahaba. Mchele umefika, na mawe yote tumeyaona. Meshack alikaa mlangoni akingoja tuupike, akaondoka kwa huzuni.

Vifaranga walitoka salama, drumu nikaiosha kwa maji ya moto. Kwa ajili ya pedeli niliitundikia rozari ya bibi yangu, nikijua hakuna atakayeikanyaga. Mzee Wilibrodi alipoiona alivua kofia. Jioni walikuja akina mama wa jumuiya, wakasali mafungu yote wakiwa wamesimama upande wa dereva. Sikuwa na moyo wa kuwaambia.

Nimefunga gurudumu moja moja. Salome alikanyaga, mimi nikiwa chini nalegeza nati, na kila povu alilipigia mluzi. Nikamaliza. Lile jiwe la kuzuia gurudumu, lenye alama ya rangi ya vidole vya kaka yako, nimelirudisha mahali pake karibu na ngazi.

Nilitoka mpaka misheni nikarudi. Shemeji, zinashika! Nilisimama hatua moja kabla ya ntumba. Mzee Wilibrodi alikuwa amekaa pale akingoja. Alilitazama gari, akalitazama tuta, akasema, "Kwa hiyo mimi sihitajiki tena?" Ikabidi nirudi nyuma, niligonge tuta kidogo, ndipo akacheka.

Lakini nikuambie jingine. Nilifika mlangoni pangu na ndani hakuna aliyejua nimefika. Mbwa hakuinuka. Gari limekaa kimya kabisa. Nilibaki nimeketi ndani mpaka Salome akaja kugonga kioo akauliza kama nimelala.

Sasa mteremko. Yale maneno yako mekundu ya ukutani yamenikaa. Mchana nasema breki ni nzuri, nikifumba macho naona mabonde. Nilipokwenda Namanyere kuuza ulezi nilimweleza Ngeleja, yule Msukuma aliyehamia pale juu ya mteremko na ng'ombe zake, ambaye kaka yako alikuwa akimbebea maziwa. Alisikiliza huku akimkuna fahali shingoni.

"Mama Salome, gari ni ndama," akasema. "Ndama hashikwi mbele. Ukimshika mbele anakukanyaga. Anashikwa nyuma."

"Unamaanisha nini, mzee?"

"Fahali wangu wanne wa kulimia, na mnyororo. Wewe unashuka mbele, wao wanakuja nyuma wamekaza. Breki zako zikikataa, za kwangu zina kwato."

Mkewe Kabula akasema kutoka jikoni, "Na zikikataa zote?"

"Basi tutafika Kirando mapema," akajibu.

Nimekubali. Tunashuka wiki moja kabla ya misa.

Coleta


Mbeya
24 Agosti 1992

Shemeji,

Shikamoo. Nakuandikia haraka ili barua iwahi lori la Meshack. Tafadhali sana, usifanye jambo la ng'ombe. Nilimuuliza meneja kwa kuzunguka, nikasema kuna mteja anataka kujua, je, kampuni ina msimamo gani kuhusu breki za ng'ombe? Alifikiri sana. Akauliza ni ng'ombe wa aina gani. Nadhani anataka kuleta dukani.

Ile simu uliyoitaja, ilifika.

Ruhusa sijapata. Au niseme, fomu ninayo, ila sijaijaza. Usimwambie Mama hivyo, mwambie kazi.

Nina swali moja dogo, si la kitaalamu. Unasema gari limekuwa kimya. Limekuwa kimya kabisa? Mara ya mwisho kumwona kaka alinisindikiza stendi ya Sumbawanga. Basi lilipoondoka, nilisikia zile breki zake akirudi nyumbani, kwenye kona ya kwanza, na kona ya pili, nikazihesabu kichwani mpaka zikapotea. Nilidhani nitazisikia tena nikija. Kwa hiyo nauliza tu.

Flavian


Malangali
27 Septemba 1992

Shemeji yangu Flavian,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ilifika tulipokwisha kushuka na kupanda, kwa hiyo lile la ng'ombe limefanyika. Nakueleza yote pole pole, maana najua ungependa kuwa ulikuwepo.

Pale juu Ngeleja aliwafunga fahali wanne nyuma kwa mnyororo, akavaa koti lake la sikukuu. Nilifanya ishara ya msalaba nikaachia. Kona ya kwanza nikakanyaga breki kidogo, na gari likasimama. Likasimama kabisa, shemeji. Fahali hawakuambiwa. Waliendelea kutembea mpaka wakaingiza vichwa ndani ya gari kwa nyuma, wakaanza kula nyasi nilizowachukulia njiani. Ikawa hivyo kona zote: mimi nakanyaga, wao wanaingia, wanakula, Ngeleja anawarudisha, anapiga kelele, "Mama, breki zako zina kiburi! Waache wangu nao wafanye kazi!" Malori ya dagaa yalijipanga nyuma yetu mpaka juu. Dereva mmoja alishuka akauliza kwa heshima ni msiba wa nani.

Tukaingia Kirando hivyo. Mama alikuwa amekaa mlangoni na fimbo yake. Nilisimamisha gari mbele yake, fahali wakachungulia. Hakuinuka. Hakuitikia hata shikamoo yangu.

"Mbona umekuja kimya?" akasema. "Mwanangu alikuwa akija analia. Akifika ile kona ya juu mlimani namsikia, naweka samaki wa migebuka motoni. Wewe umekuja kimya kama mtoza ushuru. Sasa sijapika."

Nilimweleza kwamba breki zilikuwa mbovu, sasa ni nzima. Akasema, "Nani aliwaomba?"

Alikataa kupanda siku hiyo. Na kesho yake pia. Nilidhani nimemkosa, na misa nimeikosa. Siku ya tatu alitoka akawatazama fahali kwa muda, akawashika pembe. Akasema kwamba alipokuwa msichana mtu mkubwa akifa, ng'ombe walifuata. Akapanda. Lakini alisema anapanda kwa sababu ya ng'ombe, si kwa sababu ya gari. Kwa hiyo tulirudi na fahali nyuma mpaka Namanyere, tukipanda kilima, hawana cha kuzuia, wanatembea tu kwa adabu. Mama alipunga mkono kwa kila tuliyempita.

Misa ilikuwa nzuri. Alikaa kaburini mpaka kivuli kikahama. Alipanguza jina la kaka yako pale msalabani kwa kanga yake, ingawa halikuwa na vumbi. Hakulia. Tulipofika nyumbani alikataa chakula pia, siku hiyo na iliyofuata. Nilianza kuogopa. Alikuwa ameketi kwenye kiti chako, anaitazama barabara.

Ndipo nikachukua zile lainingi za zamani. Sikuwa nimezitupa. Niliinua gurudumu moja la nyuma, nikagonga hodi, nikatoa mpya upande huo mmoja, nikafunga zile zilizolika. Usimwambie meneja. Salome nikamwachia jiko, nikamwambia maji yachemke tu, unga asitie. Nikaenda mpaka misheni, barabara ya tambarare, nikageuza, nikarudi. Kwenye kona nikakanyaga.

Flavian, lililia. Mbwa alikuja mbio mpaka barabarani. Nilipoingia langoni Mama alikuwa amesimama bila fimbo, anapiga kelele kuelekea jikoni:

"Tia unga, wewe mtoto! Tia unga! Huyo amefika!"

Nilikaa kwanza garini. Kisha nikashuka, nikanawa mikono kama alivyokuwa akinawa, na tukala ugali wa ulezi na migebuka aliyokuja nayo. Mama alikula zaidi yangu. Alipomaliza alilala mchana kutwa, na alipoamka ndipo alipolia, vizuri, kama mtu anayemaliza kazi.

Kesho yake nilirudisha lainingi mpya. Gari liko kimya tena, na ni salama, na Mama amesema sasa linafaa. Atakaa nasi mpaka Krismasi. Mzee Wilibrodi ameanza kumletea maharage.

Uliniuliza kama limekuwa kimya kabisa. Ndiyo. Lakini katika mfuko huu wa ulezi, uchambue mwenyewe, utakuta jiwe moja lililopinda. Ni la gurudumu la mbele kushoto, lililokuwa likilia kuliko yote. Liweke kwenye kaunta yenu, na akiuliza mtu namba ya kifaa, mwambie hakiuzwi, ni cha kutazamwa.

Ile fomu, ijaze au usiijaze. Ukija, panda basi lolote, hata lisilo na kelele. Mimi nitatia unga.

Mpaka hapo, shemeji, ukisikia gari lolote linalia kwenye kona huko Mbeya, utukumbuke.

Coleta